Ngazi Nyuma ya Duka la Sonara

Jumamosi. Saa saba mchana.

Chumba cha nyuma cha duka la chipsi kilinuka mafuta yaliyokaangiwa samaki wiki nzima. Mafuta hayo yalikuwa ukutani, mezani, hata kwenye kitasa cha mlango. Eunan Scally alikishika kitasa, akajifuta mkono kwenye suruali, kisha akajifuta tena.

Watatu walikuwa wakimsubiri. Malachy Grehan, mwenye mchongo, alikaa kwenye kiti pekee chenye mto, suti ya kijivu mwilini, kucha safi kuliko za daktari. Dada yake Dervla, dereva, aliegemea friji na sigara mdomoni. Podge Rafter, pande la mtu, alikuwa akila chipsi zilizolowa siki, kichwa kimeinama juu ya gazeti kama ng'ombe kwenye hori.

"Chora, Fundi," Malachy alisema.

Eunan alichora juu ya karatasi ya kufungia samaki. Alikuwa fundi wa lipu ya urembo kwa miaka thelathini, na nyumba kongwe za Dublin alizijua nje ndani.

"Namba kumi na tisa, Mtaa wa Fitzalan. Ghorofa nne, na jiko chini ya ardhi. Madirisha marefu kuliko yote ni ya ghorofa ya kwanza, walikokaa wenyewe. Ukipanda yanapungua, yanapungua, mpaka kule juu kwa watumishi ni vitundu vya njiwa."

"Hatukuja darasani," Dervla alisema.

"Mwache aseme."

"Sasa yote ni maduka. Jikoni, mkahawa. Usawa wa barabara, viatu. Ghorofa ya kwanza, kwenye sebule kubwa, sonara. Juu yake mawigi, juu ya mawigi stoo tupu. Darini kabisa, fundi cherehani." Alivuta mstari mwembamba nyuma ya nyumba, kutoka chini hadi juu. "Na hii hapa hakuna mwenye duka anayeijua."

Ilikuwa ngazi ya watumishi. Wenye nyumba wa enzi hizo hawakutaka kupishana ngazini na mwanamke aliyebeba vyungu vyao vya mkojo, wakajengewa ngazi ya pili, nyembamba, iliyofichwa ndani ya kuta. Kila ghorofa ilikuwa na mlango wake uliopakwa rangi ya ukuta usionekane. Nyumba ilipogeuzwa maduka, milango hiyo ilifunikwa kwa mbao za jipsamu. Mafundi wengine walishasahau. Eunan hakusahau.

"Kwa hiyo nyuma ya sonara kuna nini?" Podge aliuliza, mdomo umejaa.

"Jipsamu. Unene wa biskuti. Mlango wake una king'ora, madirisha yana king'ora. Ukuta hauna."

Podge alicheka hadi chipsi ikamtoka mdomoni. Aliiokota mezani akaila.

"Hiyo ngazi ni ya mbao?" Malachy aliuliza.

"Mbao tupu. Kavu."

"Na inafika mpaka juu?"

"Mpaka darini."

Malachy aliitikia kwa kichwa taratibu. Eunan alidhani anapima mizigo.

"Na yule bibi wa cherehani?" Eunan aliuliza. "Bi Considine. Yeye huwa anashona hata Jumapili."

"Kesho anakwenda kuhiji Knock na basi la parokia. Nimeshaulizia. Kesho ni fainali ya mpira wa magongo, njagu wote wa polisi watakuwa uwanjani. Mechi inaanza saa tisa na robo. Sisi tunaingia saa nane, tunatoka saa tisa. Mchana kweupe, na makoti ya njano ya watu wa maji. Nani atamuuliza mtu mwenye koti la njano anafanya nini?"

Podge alilamba vidole kimoja kimoja. Eunan alitazama pembeni.

Hakuna aliyemlazimisha. Ni mdomo wake mwenyewe. Mwaka mzima na nusu alikuwa amelala chali juu ya jukwaa akiitengeneza dari ya ile sebule kubwa: ndege wa lipu, mashada ya zabibu, mabawa yaliyofinyangwa kwa mkono na fundi aliyekufa zamani, hata jina lake halijulikani. Siku moja Cathal Prunty, mwenye nyumba, alileta vijana wenye keekee. Walitoboa dari kupitisha mabomba ya hewa baridi, halafu wakaning'iniza chini yake dari nyingine ya vigae vyeupe kama ya hospitali. Eunan alipiga kelele. Prunty alimfukuza kazi mbele ya vijana wale, huku akila tufaha. Kuanzia siku hiyo Eunan alikunywa, na alipokunywa alisimulia, na usiku mmoja aliyekaa kiti cha pili alikuwa Podge.

Alijiambia anakwenda kulipiza kisasi kwa kuibia ndani ya nyumba ya Prunty. Jina hilo lilikuwa na heshima zaidi kidogo kuliko wizi.

Jumapili. Saa nane kamili mchana.

Mtaa ulikuwa mtupu. Kwenye dirisha fulani redio ilikuwa ikitaja majina ya wachezaji. Dervla aliegesha gari la mizigo kando ya vyuma vyeusi vya uzio, akabaki ndani, injini inanguruma.

Wanaume watatu walishuka ngazi za mawe zinazoteremka mbele ya nyumba, chini ya usawa wa barabara, kila mmoja na mikoba miwili. Waliingia stoo ya makaa iliyo chini ya njia ya waenda kwa miguu. Kulikuwa na pipa la makombo ya mkahawa, na mabuu meupe yalikuwa yakitambaa kwenye mfuniko wake.

"Tokomea huko!" Podge alinong'ona, akiruka nyuma.

"Pita," Malachy alisema. Alijifunika pua kwa leso iliyopigwa pasi.

Mlango wa mkahawa ulikubali baada ya kusukumwa na mtaimbo mara mbili. Nyuma ya magunia ya viazi Eunan aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Tofali. Tofali. Kisha sauti ya ngoma. Akachoma msumeno.

Saa nane na dakika ishirini.

Ngazi ilikuwa nyembamba kiasi kwamba Podge alipanda ubavu ubavu, akikwaruza kuta zote mbili. Hewa ilikuwa ya miaka mingi. Vidato vilikuwa vimelika katikati kama kijiko. Miguu ya watu wasiotakiwa kuonekana ilipita hapo, ndoo kwa ndoo, miaka mia moja na zaidi. Tochi ya Eunan ilimulika kiganja cha mtoto kilichobonyezwa kwenye chokaa ingali mbichi. Hakuwaonyesha wenzake.

Walipofika nyuma ya sonara, alikata ubao polepole. Vumbi jeupe lilimjaa mdomoni. Lilikuwa na ladha anayoijua, ladha ya kazi ya maisha yake, na kwa mara ya kwanza alilitema.

Waliingia chumba cha nyuma cha duka. Kabati la chuma lilisimama palepale alipowaambia. Podge alichukua msumeno wa umeme akaanza kukata bawaba, cheche zikiruka hadi miguuni.

Eunan hakuwa na kazi tena. Alitazama juu. Vile vigae vyeupe. Alipanda kwenye meza ya sonara, akainua kimoja, akaingiza tochi.

Ndege walikuwepo. Yule mkubwa wa katikati, ambaye Eunan alimrudishia mdomo kwa kidole gumba chake mwenyewe, alikuwa amepigwa parafujo kifuani kushikilia bomba. Maji machafu ya mtambo yalikuwa yakimchuruzika. Ukungu mweusi ulikuwa umekula bawa zima, na chini yake kulibandikwa ubani uliotafunwa, bado una alama za meno ya mtu.

Alirudisha kigae, akashuka.

"Umeona mzimu?" Podge alimtania.

"Nimeona kazi ya watu," Eunan alisema.

Saa tisa kasoro dakika kumi na tano.

Kabati lilifunguka. Podge alianza kumimina pete, mikufu na saa ndani ya mkoba, akicheka peke yake. Malachy hakucheka. Hakuangalia hata dhahabu. Alikuwa akiitazama saa yake.

"Inatosha, beba hiyo. Fundi, niletee mikoba yangu iliyobaki ngazini. Taratibu."

Eunan alitoka kwenye tundu, akashika mkoba wa kwanza. Ulikuwa mzito, na ndani yake kitu kiliyumba. Alikuwa amebeba ndoo za maji maisha yake yote. Alijua uzito wa kitu kinachoyumba. Akafungua zipu.

Madumu. Harufu ilimpiga puani hata kabla hajagusa kifuniko.

"Malachy. Hii ni petroli."

"Najua ni nini. Nimenunua mimi."

Podge aliacha kucheka. "Petroli ya nini, bosi?"

Malachy aliingia ngazini, akavua glavu moja, akajipangusa vumbi begani. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza ratiba ya treni. "Nyumba hii serikali imekataza isivunjwe. Mwenyewe anataka kiwanja, ajenge ofisi za vioo. Ikiungua, hakuna wa kumkataza. Dhahabu ni yetu, moto ni wake. Wezi wameiba, wezi wamechoma ushahidi, kila mtu ameridhika."

"Mwenyewe nani?" Eunan aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Prunty. Ulidhani nani alinihakikishia kwamba ule mdomo wako kilabuni ulikuwa unasema kweli? Michoro ya zamani anayo yeye."

Eunan alihisi kama amemeza yale mabuu ya stoo. Alikuja kumlipiza Prunty kisasi. Kumbe alikuwa kibarua wa Prunty bado. Alikuwa amerudishwa kazini bila kuambiwa.

Ndipo wakasikia.

Juu kabisa, mbali, kupitia mbao na hewa ya ngazi. Tak-tak-tak-tak. Kimya. Tak-tak-tak.

Watatu wote waliinua nyuso.

"Panya," Malachy alisema.

"Panya hashoni," Podge alisema. "Bosi, hiyo ni cherehani. Ulisema yuko Knock."

"Basi hakwenda."

"Ulisema umeulizia!"

"Ameandikiwa barua tatu ahame. Tatu! Hataki. Amekalia mkataba wa enzi za marehemu mama yake, anazuia mradi wa watu wakubwa." Malachy tayari alikuwa amefungua dumu la kwanza. Aliinamisha, petroli ikaanza kuteremka kidato hadi kidato, kwenye vile vijiko vya mbao. "Hatasikia kitu. Moshi unalaza."

Alikuwa akimwaga kwa uangalifu, asichafue viatu vyake. Hicho ndicho alichokumbuka Eunan miaka yote baadaye. Zaidi ya maneno, ile namna alivyoinua ncha ya kiatu.

"Nakwenda kumtoa," Eunan alisema.

"Fikiri, Fundi. Anakujua?"

Mwaka na nusu, kila siku saa nne, Bi Ita Considine alimshushia Eunan chai na kipande cha mkate wa ngano wenye siagi. Alijua jina lake, la marehemu mkewe, na kijiji chao Donegal.

"Anakujua. Ukimtoa hai, umejifunga mwenyewe. Na ukifungwa utatutaja. Kwa hiyo hapana." Mkono wa Malachy uliingia kotini ukatoka na mguu wa kuku, bastola ndogo, inang'aa kama kucha zake. "Shuka chini, kaa kwenye gari."

"Bosi, weka hicho," Podge alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama yangu ana umri huo. Bosi. Hapana, jamani. Hapana."

"Mama yako alizaa nguruwe. Nyamaza, beba mkoba."

Eunan alitazama bastola, akatazama petroli, kisha akageuka na kukimbia. Juu.

Saa tisa kasoro dakika tano.

Risasi ilimpata pajani kabla hajapanda hata vidato vinne. Alisikia Podge akinguruma na miili miwili ikigonga ukuta. Alisikia risasi ya pili, ya chini zaidi. Kisha hakusikia tena bastola. Alisikia pumzi kubwa, kama nyumba nzima imevuta hewa mara moja, na ukuta mbele yake ukawa wa rangi ya chungwa.

Mmweko wa bastola ulikuwa umeukuta mvuke wa petroli.

Alipanda kwa mikono. Mguu mmoja ulikuwa mzigo. Ngazi ilivuta moto kama bomba la jiko, joto likamsukuma mgongoni. Chini Malachy aliita jina la dada yake, mara moja, kwa sauti ambayo Eunan hakuitambua. Halafu hakuita tena.

Mwisho wa ngazi palikuwa na mlango wa mbao, juu yake jipsamu. Aliupiga bega. Akaupiga tena. Akaangukia upande wa pili katikati ya vitambaa vyeupe.

Bi Considine, miaka sabini na minne, miwani puani, pini nne mdomoni, aliacha kuzungusha cherehani. Redio pembeni yake ilikuwa ikiimba wimbo wa taifa. Timu zilikuwa zikiingia uwanjani. Alitoa pini moja moja.

"Eunan Scally. Huo ulikuwa ukuta."

"Nyumba inaungua, Bi Considine. Simama."

"Unatoka damu kwenye gauni la binti Lenihan. Harusi ni Jumamosi!"

"Bi Considine, nakuomba!"

Bibi aliona moshi nyuma yake. Hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake, miwani ya akiba, na picha ya mama yake ukutani. Eunan alirundika marobota ya vitambaa kwenye tundu, akafungua kidirisha kidogo cha paa, akamsukuma bibi yule kwa mabega kama anavyosukuma gunia la chokaa. Alikuwa mwepesi kupita kiasi.

Nyuma ya ukingo wa matofali unaoficha paa kwa walio barabarani kuna mfereji wa maji, upana wa mtu mmoja, unaounganisha nyumba zote za safu ile. Eunan aliwahi kuuziba nyufa. Walitambaa humo, kinyesi cha njiwa hadi viwikoni, bibi mbele, fundi nyuma akiburuta mguu.

Alichungulia mara moja tu barabarani. Podge aliruka kutoka dirisha refu la sonara, mkoba mkononi, vioo vikimnyeshea, ving'ora vikilia. Aliangukia juu ya gari la Dervla wakati lile gari tayari limeanza kuondoka. Lilimtupa chini barabarani. Dervla hakusimama. Hakumsubiri Podge, hakumsubiri kaka yake, hata kuangalia nyuma hakuangalia. Taa nyekundu zilikata kona, dhahabu ikabaki imetapakaa barabarani kama makombo.

Bi Considine aliacha kutambaa walipofika nyumba ya tatu. Aligeuza kichwa.

"Uliingiaje?"

"Tutoke kwanza."

"Hapa hapa. Uliingiaje, Eunan?"

Angeweza kusema alikuwa akipita. Angeweza kusema aliona moshi. Nyuma yao kitu kizito kiliporomoka ndani ya namba kumi na tisa, na alijua kwa sauti yake ni dari: kilo kwa kilo za lipu, ndege wote, kwa mkupuo.

"Niliwaonyesha njia," alisema. "Ilikuwa tuibe tu. Hiyo petroli sikuijua. Nilimwambia kila kitu mtu mwovu, kwa sababu nilikuwa na hasira."

Bi Considine alimtazama kama anavyotazamwa mdudu aliyekutwa ndani ya unga. Aligeuka, akaendelea kutambaa, na tazamo lile lilimuuma Eunan kuliko paja.

Saa tisa na nusu.

Waliteremshwa kupitia nyumba ya tano. Zimamoto walikuwa wamefika, watu pia, wengine na jezi za timu zao. Podge alikaa ukingoni mwa barabara, mguu umekunjika vibaya, mikono imeungua hadi nyekundu, akilia bila kujificha. Alikuwa akiwaambia wauguzi, mmoja baada ya mwingine, kwamba alijaribu kumnyang'anya Malachy bastola.

Eunan alilazwa kwenye machela. Sajenti mmoja wa polisi mwenye masharubu alimsogelea Bi Considine, daftari mkononi.

"Bibi, huyu bwana ni nani?"

Bi Considine alikuwa na mavi ya njiwa mikononi na picha ya mama yake kwapani. Alisimama wima.

"Ni Eunan Scally, fundi lipu. Ndiye aliyewaonyesha majambazi ngazi. Na ndiye aliyepigwa risasi akija kunitoa. Andika yote mawili."

Sajenti aliandika. Kalamu yake ilikuwa bado inatembea wakati mtu alipopenya katikati ya umati: koti la sufu, uso wa huzuni uliovaliwa vizuri, pumzi yenye harufu ya mvinyo wa mchana. Cathal Prunty. Sajenti alimpigia saluti.

"Msiba mkubwa, Sajenti. Nyumba nzuri kama ile. Urithi wa taifa." Akamwona bibi. Uso ukamtoka mahali pake, kwa nukta moja tu, kisha ukarudi. "Bi Considine! Mungu ni mwema. Nilidhani uko Knock."

Eunan alitapika. Ilikuja bila taarifa, kutoka pembeni ya machela, ikamwagikia viatu vya Prunty na ncha ya suruali yake. Alijifuta mdomo kwa mkono.

"Andika na la tatu, Sajenti," alisema. "Aliyetaka moto ni huyu. Petroli ni kazi yake. Malachy Grehan alisema hivyo mbele yangu na mbele ya Podge Rafter, huyo hapo chini."

"Ni kweli!" Podge alipaza sauti kutoka barabarani. "Alisema! Prunty, alisema!"

Kalamu ya Sajenti haikutembea. Alimtazama Prunty, akatazama daftari, akatazama moshi. "Bwana Prunty ni mtu anayefahamika," alisema polepole. "Huyu ni jambazi, na yule ni jambazi. Maneno kama haya tutayaangalia kituoni, kwa utulivu." Akafunika kalamu.

Prunty alikuwa tayari ametoa leso.

Bi Considine alinyoosha mkono, akaichukua kalamu kwenye vidole vya Sajenti kama mtu anayempokonya mtoto mkasi. Akachukua na daftari. Sajenti alifungua mdomo. Bibi alimtazama, naye Sajenti akaufunga. Watu wa jezi walikuwa wamesogea karibu.

Alivaa miwani yake ya akiba. Aliegemeza daftari juu ya picha ya mama yake, akageukia machela. Macho yake yalikuwa bado na lile tazamo la paani. Hakuwa amemsamehe, na Eunan aliona kwamba hatamsamehe.

"Taja," alisema. "Jina la huyu lote, halafu maneno kama yalivyosemwa. Polepole. Mwandiko wangu ni wa zamani, lakini unasomeka."

Eunan alivuta pumzi, akaanza na herufi ya kwanza.